Gari Langu Lilipoota Macho

"Nimesema hapana! Hakuna mganga atakayekanyaga uwanja wangu."

"Mama Vumilia, acha ubishi. Gari limeota macho!"

Huyo ni mume wangu, Masalu. Mtu mzima, ndevu anazo, ananyooshea boneti kidole kama mtoto aliyeona chatu.

Na macho yalikuwepo kweli. Siwadanganyi.

Jana yake, Jumapili, giza likiingia, shemeji yangu Ndaki alikuwa amelipiga rangi ya bluu uani kwetu, hapa Katoro. Jumatatu nimetoka kabla hakujapambazuka, nimerudi kazini saa nane mchana, nakuta boneti lina vidoa vya mviringo, kila kimoja kina kishimo katikati na ukingo umevimba kama kope. Vimekutolea macho tu.

Mlango wa dereva nao ulikuwa na michirizi iliyoteremka ikagandia hapo hapo.

"Linatazama na linalia," Ndaki akasema kwa sauti ya msibani. "Shemeji, hii si kazi ya mkono wa mtu."

"Ni kazi ya mkono wako."

"Mimi nimepiga rangi magari mengi..."

"Mangapi?"

"Mengi, shemeji."

"Mangapi, Ndaki?"

Akajikuna kisogo. "Mawili. Na bajaji."

Ndaki alibeba ndoo za fundi rangi mmoja kule Kahama kwa wiki tatu. Akarudi na ovaroli, anajiita fundi. Kosa langu ni kumkabidhi gari langu. Hilo nalikubali.

Ila kilichonipandisha hasira hakikuwa rangi.

Ni kwamba nilipokuwa kazini, wanaume hawa wawili walikuwa wameshampata mchawi.

Bibi Nyamizi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ana miaka sabini na kitu, anakaanga vitumbua kwa kuni tangu sijazaliwa, macho mekundu kwa moshi. Jumapili alisimama getini, akaangalia rangi mbichi, akasema, "Limependeza, ng'wanone," yaani mwanangu.

Basi. Kosa lake ndilo hilo. Kusifia.

Masalu alikuwa ameshampigia mtaalamu wake wa Ushetu. Yuko kwenye basi, saa kumi anafika, aje amtaje mchawi mbele za watu. Na watu walishaanza kujaa getini. Umbea huku una kasi kuliko bodaboda.

Mnajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu akishatajwa na mganga hadharani, kinachofuata ni nini. Sihitaji kuwaandikia habari za mapanga ya usiku.

Nilichungulia kwa Bibi. Mlango umefungwa. Jiko limezimwa mchana kweupe. Alikuwa ameshasikia.

Nikavua viatu vya kazini, nikavaa kandambili.

"Ndaki, njoo hapa. Haya machozi unayoyaona mlangoni, ulisimama wapi ukipuliza?"

"Hapa."

"Ulisimama. Hukutembeza mkono. Umelimwagilia gari kama tuta la mchicha, rangi ikajaa, ikateremka. Mchawi hayupo hapo, upo wewe."

Getini mtu akacheka.

"Na hizi chembechembe kwenye paa?"

"Hizo sijui."

"Ni vumbi la karasha zinazosaga mawe hapo nyuma. Nilikuambia funga turubai, mwagia uwanja maji kwanza. Ukaniambia nini?"

"Nilisema... mafundi wa Kahama hawafanyi hivyo."

"Haya macho sasa."

Ndaki akapata nguvu. "Hapo hunishindi! Macho yanaletwa na mafuta, hilo hata mimi najua. Na Jumamosi jioni nililifuta gari zima kwa tina ya kuondoa mafuta. Wewe mwenyewe uliniona!"

Nilimwona kweli.

Nikasikia watu getini wanaguna. Masalu akakunja mikono, kidevu juu. "Unaona sasa? Na diploma yako."

Diploma yangu ni ya maabara. Napima sampuli za mawe ya dhahabu. Kidole chenye mafuta kikigusa chombo, majibu yanaharibika, na siku kama hiyo hatuulizi nani katuroga. Tunauliza nani kakishika.

Nikalizunguka gari polepole.

Boneti, katikati. Mlango, katikati. Mlango wa pili, katikati. Milango yote minne, buti, paa. Sehemu saba, kila moja ina ukubwa wa kiganja. Kwingine kote, hata jicho moja hakuna.

Nikaweka kiganja changu juu ya macho ya boneti. Kikaenea. Macho machache yakabaki nje.

Hapa palishikwa na kiganja kikubwa kuliko changu.

Nikageuka. "Baba Vumilia, Jumapili nilipokuwa kanisani, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Leta koti lako la kahawia, lile la kuendea kwa mtaalamu."

Akatazama chini. Ndaki akamtazama kaka yake. Nikaingia ndani mwenyewe, nikapekua mfukoni, nikatoka na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa kitu cha manjano. Nikafungua. Samli, na majani yaliyosagwa.

"Hii nini?"

Masalu akanyoosha mkono akichukue.

"Nauliza hii ni nini!"

"Kinga," akasema kwa kunong'ona. "Mtaalamu alisema gari lenye rangi mpya linavuta husuda. Nilipake sehemu saba kabla halijapigwa rangi."

"Kaka!" Ndaki akaruka. "Umepaka samli juu ya bodi niliyoifuta?"

"Kidogo tu..."

Sikubishana. Nilichukua kipande cha bati, nikakiosha kwa sabuni, nikakifuta chote kwa tina. Nusu moja nikaipaka ile kinga. Nikamwambia Ndaki apulize, na safari hii atembeze mkono.

Watu walishaingia mpaka uani. Rangi ikakaa. Nusu safi ikang'aa kama kioo.

Ile nusu nyingine ikaanza kufumbua macho. Moja. Mawili. Tukiwa tunatazama.

"Bibi Nyamizi yuko wapi hapo?" nikauliza. "Semeni! Sasa hivi tu midomo ilikuwa mingi."

Simu ya Masalu ikaita. Nikaipokea mimi.

"Nimefika stendi," sauti nzito ikasema. "Nimeshamwona mbaya wenu. Ni mwanamke, mtu mzima, hayuko mbali."

"Ni mwanaume, yuko Ushetu, aliuza samli," nikamjibu. "Njoo upesi, nimekuwekea msasa wako. Boneti lote utalikwangua wewe."

Akakata. Namba ile haipatikani mpaka leo.

Masalu akaanza, "Basi, mke wangu, yaishe. Kesho tutalikwangua tupige upya."

Yaishe. Kirahisi hivyo. Rangi ipigwe upya, na bibi wa watu abaki na jina.

"Halipigwi," nikasema. "Hayo macho yanabaki."

Nikachukua funguo. Nikaenda nikagonga kwa jirani. "Bibi, shikamoo. Vaa kitenge kizuri, tunatoka."

"Marahaba, ng'wanone. Tunaenda wapi?"

"Sokoni."

Nikamfungulia mlango wa mbele. Nyuma nikampakia Masalu, kioo nimeshusha.

Tukazunguka soko la Katoro mara tatu, mwendo wa kutembea. Kila aliyeshangaa, "Jamani, gari hilo limepatwa na nini?", nilisimama, nikasema, "Muulize Baba Vumilia."

Na Baba Vumilia alijibu. Wa kwanza alimjibu kwa kunung'unika, nikakataa kuondoka. Wa pili alisema vizuri. "Ni mimi. Nilipaka samli kabla ya rangi. Bibi hahusiki."

Alilisema mara kumi na tisa. Bibi Nyamizi alikuwa anahesabu kwa vidole.

Wewe unayetaka kupiga rangi gari nyumbani, nisikilize. Lioshe, lifute kwa tina na kitambaa safi, kisha mkono wa mtu yeyote usiliguse. Likiota macho, hilo ni gari lako na hao ni watu wa nyumba yako. Anza kuuliza humo ndani. Jirani muache akaange vitumbua vyake.