Utepe Uliokazwa kwa Maji ya Mchele

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye simu Jumatano: wasichana wa kikundi cha kushangilia waje Ijumaa na sketi fupi ya marinda na utepe mkubwa kichwani. Binti yangu yuko gredi ya nne. Nilitoka nikaenda dukani hapa Garsen, nikavikuta vyote vimefungwa pamoja kwenye nailoni, utepe na kibanio chake tayari. Nikarudi nyumbani, nikakaa na kile kifurushi mapajani, nikamkumbuka nyanya yangu mpaka chai ikakaukia jikoni.

Yeye ndiye aliyenilea, kijijini kando ya mto, mbele kidogo ya Ngao. Kama nawe ulikulia kule unaijua harufu ya asubuhi zetu: tope, moshi wa kuni, mchele mpya ukichemka. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kufukuza ndege shambani, na kuzungusha gurudumu la cherehani ya mkono nyanya anaposhona. Siku mwalimu wa michezo aliponichagua kwenda Garsen kushangilia timu yetu ya mpira, nilikimbia njia nzima kumpasha habari. Mwalimu alikuwa ameshatuonya: asiye na sketi ya buluu na utepe mweupe hapandi lori. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kupanda lori lile.

"Tutashona, mke mwenzangu," akasema nyanya. Ndivyo alivyozoea kunitania.

Pazia la buluu la mlangoni likashushwa likawa sketi. Nyanya hakuwahi kuona nguo ya kushangilia. Alichojua ni kwamba nguo ya mtoto huachiwa nafasi ya kukua. Akaikata ifike karibu na vifundo vya miguu, na pindo la shibiri nzima ndani.

"Fupi, nyanya! Mwalimu alisema fupi!"

"Fupi ya nani? Wewe si una kwenu?"

Tulivutana hadi tukapatana magotini. Pindo hakukubali kulipunguza, na kila nikiruka lilinipiga miguuni.

Utepe ndio uliokuwa na kazi. Nyumba nzima ilikuwa na kitambaa cheupe kimoja tu, kile alichojifunga kichwani Jumapili, sare ya kina mama wa kanisa. Nilimwona akikitandaza mezani, akikilainisha kwa kiganja, kisha akashika mkasi. Ningeweza kusema aache. Sikusema. Alipomaliza kushona aliuchovya utepe katika maji mazito ya mchele, kama walivyokuwa wakikaza kola za mashati, akauanika juani. Ulikauka ukasimama kichwani kwangu kama masikio ya punda, na sikutaka kuuvua hata wakati wa kula.

Uwanjani nilipangwa mbele. Tuliimba, tukaruka, vumbi likapanda. Kisha mvua ikashuka ghafla, na wote tukaendelea kuimba. Utepe wangu ukalegea, maji meupe yakaanza kunitiririka usoni.

"Tazameni, huyo anavuja uji!" akapiga kelele msichana wa ile shule nyingine.

Watu wakacheka, na wenzangu wakacheka. Niliung'oa ule utepe nikautupa matopeni, nikaukanyaga, nikacheka pamoja nao. Nilipogeuka nikamwona nyanya amesimama pembeni ya uwanja, leso imemgandia mwilini. Alikuwa amekuja kwa lori la ndizi bila kuniambia. Akaingia uwanjani taratibu, akauokota utepe, akaukamua, akaufunga kwenye pembe ya leso.

"Umeruka vizuri, mke mwenzangu," akaniambia. Hakulitaja tena jambo lile.

Jumapili kina mama walikaa pamoja kanisani, vichwa vyeupe safu nzima. Nyanya alikaa nyuma kabisa, leso kichwani. Mmoja akageuka kumuuliza kitambaa chake kiko wapi.

"Nimemvisha mjukuu," akajibu, tena kwa majivuno. Mimi niliinamisha kichwa nikahesabu vidole vya miguu yangu.

Mto umeshakula kiwanja cha nyumba ile. Cherehani sijui iko kwa nani, na nyanya amelala nyuma ya kanisa miaka mingi sasa. Sikumwomba radhi. Nilikuwa mtoto, nikadhani siku ziko nyingi, kisha nikawa mtu mzima nikaona haya kulianzisha jambo lile.

Leo asubuhi nimembana binti yangu nywele kwa ule utepe wa dukani. Ameugusa kwa vidole akaniuliza, "Mama, mvua ikinyesha hautaharibika?"

"Hautaharibika. Huu ni wa nailoni."

Ameondoka akirukaruka. Mimi nimebaki mlangoni nikilia kama mtoto, kwa maana wangu uliharibika, na aliyeukanyaga ni mimi, na aliyejua kunishonea mwingine hayupo.