Siku Lori la Baba Lilipozimika Karibu na Thuci

Mpaka leo, nikipita mbele ya gereji na harufu ya petroli juu ya chuma cha moto ikanifikia, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Wajukuu hunivuta mkono. "Nyanya, twende, hapa kunanuka." Kwangu mimi hapanuki. Kwangu hiyo ni harufu ya kiti cha mbele cha lori la Baba, asubuhi na mapema, ukungu wa Meru ungali umelala juu ya mabati ya mtaa wetu wa Majengo, na mimi, Zuhura, mwenye miaka minane, nimekaa katikati ya wazazi wangu nikijiona msafiri mkubwa kuliko wote duniani.

Tulikuwa tunakwenda baharini. Naomba muelewe ukubwa wa neno hilo. Babu yangu mzaa baba alitoka pwani akaja Meru kufanya biashara, akaoa, akazikwa huko huko mlimani, na nyumbani kwetu bahari ilitajwa kama mahali ambapo mambo yote yalikuwa bora: mchele ulikuwa bora, samaki walikuwa bora, hata usingizi ulikuwa bora. Shangazi yangu alikuwa akiishi Malindi. Baba aliahidi kwamba tukifika Mombasa tungefuata barabara ya ufukweni mpaka kwake, maji yakiwa upande wa kulia njia nzima. Mdogo wangu Musa, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alilishika neno moja tu katika ahadi hiyo. Tulipoteremka bonde la kwanza baada ya Nkubu na kuona mto, alisimama juu ya mapaja ya Mama akapiga kelele, "Bahari!"

"Bado, bwana mkubwa," Baba akamwambia. "Lakini maji haya nayo yanakwenda huko huko."

Anayeijua barabara ile atacheka, maana kutoka Meru kwenda Embu ni kuteremka na kupanda, kuteremka na kupanda, na kila chini kuna mto. Mutonga, bahari. Nithi, bahari. Mlima ulikuwa kuliani kwetu, kilele kikichungulia na kujificha, na kushoto ardhi iliporomoka mpaka tambarare za Tharaka, zikiwa na rangi ya samawati kwa mbali. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, nyembamba, yenye kona zinazorudi nyuma. Baba aliendesha kwa mkono mmoja. Mji mzima ulijua kwamba lori lake la kijani halijawahi kuzimika njiani, na yeye mwenyewe alihakikisha mji haulisahau jambo hilo.

Mimi nilikuwa na sehemu yangu katika sifa hiyo. Chini ya kiti kulikuwa na koki ya petroli, na kazi ya kuifunga lori likilala na kuifungua likiamka ilikuwa yangu. Baba aliniita "fundi wangu" mbele za watu, na sikuwa na unyenyekevu wowote kuhusu cheo hicho.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Mtoto wa umri wangu aliijua kwa vitu vidogo: askari wenye bunduki sokoni, watu wazima walionyamaza mtoto akiingia. Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kutoka wilaya zao bila pasi. Baba, kwa kuwa aliandikwa Mswahili, alipita. Mama alikuwa Mwembu. Alizaliwa juu kidogo ya mto Thuci, akaitwa Ciarunji, na alipoolewa akaitwa Halima, lakini kwenye karatasi za serikali alibaki Mwembu. Bwana Shauri, afisa wa wilaya, alimpa pasi ya kwenda pwani na mumewe kwa sharti moja: wasisimame popote katika nchi ya Embu, wala wasizungumze na watu wa vijijini. Wakionekana wamesimama, Mama angerudishwa na Baba angenyang'anywa ruhusa ya lori.

Watu wa kwao Mama walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao wakasongamanishwa katika kijiji kimoja, chenye handaki na miti iliyochongwa kuzunguka. Nyanya yangu, mama yake Mama, alikuwa humo. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila wao kuonana. Musa hakuwahi kumwona kabisa. Hayo nawaeleza leo kwa sababu nayajua leo. Siku ile sikuambiwa lolote, kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto wa kusema.

Tulivuka Thuci ("Bahari!") tukaanza kupanda. Hapo ndipo nilipoona mkono wa Baba ukiteremka chini ya kiti, taratibu, kama mtu anayejikuna mguu, na ukafunga koki.

Nilimtazama. Yeye alitazama mbele. Lori lilipanda, likapinda kona, likafika mahali palipo sawa, kisha likaanza kukohoa. Likatikisika. Likanyamaza katikati ya barabara.

Mbele yetu kulikuwa na wanawake kama ishirini wa kijiji kile wenye majembe na karai, wakipanua kona ile. Ilikuwa kazi ya lazima, asubuhi zote za juma, na Baba alikuwa amezoea kuwapita hapo. Juu ya ukingo alisimama homgadi, mmoja wa askari wa kienyeji waliopewa bunduki kuvilinda vile vijiji na kuvisimamia. Alikuwa kijana mrefu, koti la kaki likimpwaya mabegani. Aliteremka mbio.

"Nyinyi nataka nini hapa? Hapa hakuna ruhusa kusimama!"

"Lori limenizimikia, afande," Baba akasema, akashuka, akafungua boneti.

Mwanzoni nilijizuia. Lakini mwajua jinsi mtoto anavyoumia akijua jibu ambalo mkubwa anaonekana kulisahau. Nilitoa kichwa dirishani nikasema kwa sauti yangu yote:

"Baba! Koki! Koki imefungwa!"

Homgadi aligeuka. Mama alishika goti langu, akalibana mpaka nikasikia kucha zake. "Nasema nini huyo mtoto?" homgadi akauliza.

Baba hakuharakisha kujibu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Anasema kweli. Koki ina uchafu, imefunga, petroli haipiti. Mtoto huyu ni fundi kuliko mimi, afande. Sasa itabidi nifungue mpaka kabureta nisafishe yote."

"Itachukua muda gani?"

"Kama saa moja hivi."

Homgadi alitazama barabara upande wa Runyenjes, akatazama upande wa mto. Kisha akawaambia wanawake waweke majembe chini wakae pale pale karibu na lori, awaone wote, maana baadaye wangehitajika kusukuma.

Baba alitandika gunia na kuanza kupanga vyuma juu yake. Sijapata kuona mtu akifanya kazi polepole namna ile. Kila skrubu aliifuta, akaipuliza, akaiinua juani, akaifuta tena. Nilikuwa nimekasirika. Nilijua kabureta ile ilisafishwa juzi, mimi mwenyewe nikishika bakuli.

"Wewe mama," homgadi akamwambia Mama, "shuka saidia bwana yako. Na huyo mtoto mdogo..." Akawapitishia wanawake macho, akamnyooshea fimbo mwanamke mmoja mzee, mwembamba, kichwa kimenyolewa, miguu myekundu kwa udongo mpaka magotini. "Wewe. Huna nguvu ya kusukuma. Shika mtoto."

Mwanamke yule alikuwa nyanya yangu. Sikumtambua. Nyanya niliyemkumbuka alikuwa mnene, mwenye shanga na kicheko. Huyu alimpokea Musa, akamweka kifuani, akainamisha uso katika shingo yake kama mtu anayenusa unga mpya. Musa, ambaye hakuwahi kukubali mgeni, alitulia. Akamwuliza kwa uzito, "Bahari iko wapi?" Naye, asiyejua Kiswahili, akamjibu jambo refu kwa Kiembu, na wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, wakielewana vizuri sana.

Mama alisimama kando yake, ameshika sanduku la spana. Wote wawili walitazama injini. Midomo yao ilisogea kidogo tu. Mara moja niliona Mama akimpa Baba spana bila Baba kuomba, na Baba akaipokea na kuirudisha, akaipokea na kuirudisha, ili mikono yake Mama isikae bure. Mara moja mwanamke yule alivuta kitambaa begani akamwonyesha Mama kitu, na Mama akafumba macho.

Vyuma vilikuwa vimesharudi mahali pake vyote isipokuwa viwili tuliposikia gari likipanda. Lilikuwa la afisa, Mzungu mwenye uso mwekundu, na lori letu lilikuwa limeziba njia. Alipiga honi, akashuka.

"Kwa nini hii lori nasimama hapa?"

"Imekufa, bwana," homgadi akasema, amejikaza kama mti.

Afisa alisoma pasi ya Mama, mbele na nyuma. Akamtazama Mama. Akamtazama mwanamke aliyembeba Musa. "Na hii mzee nafanya nini na mtoto?"

Ndege mmoja alilia bondeni. Baba aliinamia kabureta, na kwa mara ya kwanza nikaona bisbisi ikimponyoka.

"Yeye hana nguvu ya kusukuma, bwana," akasema homgadi. "Mimi nimemwambia ashike."

Afisa alirudisha pasi. "Sukuma hii gari. Sasa hivi."

Basi Baba akarudisha vile vyuma viwili, tukaanza. Baba alikaa kwenye usukani nami kando yake. Wanawake waliegemeza mabega nyuma, Mama akiwa mwisho wa mstari, na nyanya yangu akatembea ubavuni pake na Musa kifuani. Homgadi alitembea nyuma yao akipiga kelele, fimbo hewani. "Haraka! Haraka!" alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha akawafokea kwa Kiembu, kisha tena, "Haraka!" Na lori, ajabu, lilisogea kwa mwendo wa kobe. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wote.

Tulikwenda hivyo mpaka mahali barabara inapopanuka. Hapo Baba akaninong'oneza, "Haya, fundi wangu. Koki."

Nikaifungua. Injini ikanguruma mara moja. Mama akaja mbio mlangoni, Musa akipinda mgongo na kulia mikononi mwake, akinyoosha mikono nyuma. Kwenye shavu la Musa kulikuwa na alama ya kiganja, ya udongo mwekundu. Hakuna aliyempungia mtu mkono.

Tulikuwa tumepita Runyenjes Mama aliposema, "Yule alikuwa nyanya yako."

Nililia kwa hasira. Niliuliza kwa nini hawakuniambia.

"Ungemwita," Baba akasema. Alilisema kwa upole, na lilikuwa kweli.

Bahari tuliiona siku ya tatu. Barabara ilitoka kwenye minazi na maji yakatokea yote kwa pamoja, yakimeremeta mpaka macho yakaniuma, nami nikamwinua Musa dirishani. Aliyatazama kwa muda, akatikisa kichwa, akarudi kwa Mama kumwuliza yule mzee yuko wapi. Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na tuliifuata pwani ile nzuri mpaka Malindi Musa akiuliza swali hilo hilo. Kwa shangazi, wanaume wa nyumba ile walimtania Baba juu ya lori la Meru lililozimika njiani na kupitwa na kobe. Nilitaka kumtetea. Yeye alicheka pamoja nao, akaomba chai zaidi.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha werevu wa Baba na upumbavu wa yule homgadi. Nilikuwa hodari wa kumwiga. Siku moja, nikiwa na watoto wangu watatu, nilikisimulia jikoni kwa Mama, nikapaza sauti "Haraka! Haraka!" na kubuni kile Kiembu nisichokijua. Watoto walianguka kwa kicheko. Mama hakucheka.

"Unajua alikuwa akisema nini kwa Kiembu?"

"Alikuwa akiwatukana."

"Alikuwa akisema, 'Polepole. Sukumeni polepole. Mama yake Ciarunji hajamaliza.'"

Nikaweka kikombe chini.

Alinieleza kwamba homgadi yule aliitwa Njeru, kwamba walichunga mbuzi pamoja wakiwa wadogo, na kwamba alimtambua kabla hata hajashuka kwenye lori. Nikasema, basi alikuwa mtu mwema. Mama aliendelea kuchambua mchele. "Kile alichonionyesha mama yangu begani," akasema, "ilikuwa alama ya fimbo. Ya Njeru. Wiki mbili kabla ya siku ile, kwa kuchelewa kazini."

Nilipokuwa na miaka minane nilijua watu wa aina mbili: wajanja na wanaodanganywa. Kwamba kulikuwa na mtu wa aina ya tatu barabarani, aliyeona kila kitu, akahatarisha shingo yake kwa kunyamaza mbele ya afisa, na kesho yake akaishika tena fimbo ile ile, hilo lilinichukua nusu ya maisha kulijua, na sijamaliza kulipima.

Njeru alipofariki, Mama alitaka kwenda mazikoni, nami nikampeleka. Watu walikuwa wachache. Wazee wengi wa kijiji kile walikataa kuja, na siwalaumu. Mama alikaa mbele. Mwanamke mmoja akamwuliza alikuwa nani wa marehemu. Mama akajibu kwa Kiembu, na wakati huo nilikuwa nimeshajifunza ya kunitosha kuelewa.

"Alinipa saa moja na mama yangu," alisema.