Theluthi ya Nguvu za Wifi Salvina

Wifi yangu Salvina hajui kufanya jambo nusunusu. Akilima, jembe linalia. Akigomba, hata jirani wa ng'ambo ya mfereji anaomba radhi bila kujua kosa lake. Ndiyo maana siku ile nilipompeleka hospitali mjini kwa operesheni ya jicho, walipomfunga kile kitambaa mkononi na mashine ikasoma mia na tisini na kitu juu, mia na kumi na tano chini, nilimwambia daktari mashine yake ni mbovu.

Daktari akapima mkono wa pili. Ikawa vilevile. Akasema operesheni ya jicho haipo, hawezi kumgusa mtu mwenye presha ya namna hiyo, maana damu inaweza kuvuja humo humo ndani na jicho likapotea kabisa. Presha? Huyu? Sisi tulijua presha ni ya wanene wa mjini. Salvina ni mwembamba kama mpini, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekamua ng'ombe wawili na kuwakatia majani kwa kupapasa, kwa sababu macho yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, mwaka wa sita huo.

Niseme sisi ni nani. Salvina ni mke wa marehemu kaka yangu Sirili, huko juu mlimani Kibosho. Mimi Beatrice sikuolewa. Nilipochoka kuuza mitumba soko la Memorial huko mjini nilipanda kurudi kihambani kwetu, shamba la ukoo, nikamkuta wifi anapapasa kuta za nyumba yake mwenyewe, nikaamua kukaa. Tunalala nyumba moja na tunagombana kila siku ya Mungu. Binti yake, Mary, anafanya biashara mpakani Holili, na mwaka huo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Alipomleta, wifi alimshika, akampapasa pua, masikio, vidole vya miguu, kisha akanipa. Tulipobaki wawili ndipo alipoongea.

"Mjukuu wangu wa kwanza, wifi," akasema, "na ninamjua kama ninavyokijua kiazi gizani."

Akalia. Tangu aolewe kwetu sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Sirili hakulia mbele za watu. Ilinitisha. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ile operesheni ilikuwa jambo la kusubiri.

Tulirudi mlimani na dawa za kumeza na onyo la chumvi. Zahanati yetu ina nesi anaitwa Kindness, binti wa Machame, mpole wa maneno lakini hana mzaha. Akasema dawa ni kila siku, hilo halina mjadala. Kisha akatoa kidude cha kushika mkononi, chenye kioo kidogo cha namba. Akaeleza kwamba kuna mazoezi ya kubana tu: unakibana, unakaa hivyo hivyo dakika mbili bila kuachia, unapumzika dakika moja, unarudia, mara nne, siku tatu kwa wiki. Wapo watu ambao presha yao hushuka, mazoezi hayo yakiongezwa juu ya dawa.

Nilimtazama nikidhani ananitania. Mwanamke aliyebana chuchu za ng'ombe miaka arobaini, asubuhi na jioni, leo aambiwe ugonjwa wake utapungua kwa kubana! Nilimwuliza hivyo hivyo, sikumung'unya maneno. Kindness akasema kukamua ni kubana na kuachia, kubana na kuachia, lakini hapa hakuna kuachia. Akamtaka wifi abane mara moja kwa nguvu zake zote, apate kipimo. Wifi akabana. Namba ikapanda mpaka yule nesi akainua macho kumwangalia upya, akaniambia wapo wapagazi wa mlimani ambao hawajafika hapo. Basi sasa, akasema, atakuwa anabana theluthi tu ya hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwanamke wa Kibosho umwambie atumie theluthi ya nguvu zake, si umemtukana? Siku ya kwanza nyumbani alikibana kile kidude kama anamnyonga mwizi wa kahawa. Akaziba pumzi, mashavu yakavimba, mishipa ya shingo ikasimama. Nilimwita, haitiki. Nikampokonya, nikijua sasa naua mke wa kaka yangu kwa mikono yangu. Kindness aliposikia alishtuka kuliko mimi. Akasema kubana hivyo huku umeziba pumzi kunapandisha presha pale pale, na akaagiza abane kidogo huku anaongea, asiache kupumua.

Aongee nini dakika mbili nzima? Akachagua rozari. Salamu Maria kumi kwa mwendo wake zinafika dakika mbili. Yeye haoni namba, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa mbele yake kama mwamuzi. Namba ikipanda namwambia legeza, ikishuka namwambia kaza. Mama wa Mungu atusamehe, maana mara ngapi nilimkatiza katikati ya "umejaa neema" nikamfokea alegeze, naye akanijibu kwa Kichagga maneno ambayo hayamo kwenye sala yoyote.

Wiki zikapita. Tukashuka zahanati tukiwa na matumaini tele. Kindness akapima, akapima tena. Presha ilikuwa imepanda. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa bila kukaribishwa. Dawa? Namwona akimeza. Kubana? Nipo. Chumvi? Niliitoa ndani ya nyumba siku ile ile tuliyotoka hospitali, na wifi akaapa kwa msalaba kwamba haijagusa ulimi wake. Kindness akasema atakuja kututembelea, aone mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Alikuja Jumamosi tukiwa jikoni, wifi anapika kiburu, ndizi na maharage kama tulivyolelewa. Akapapasa kopo lake, akatoa jiwe, akalivunja kwa mchi, akatia chunguni. Akatoa la pili, akatia. Kindness akauliza hayo ni nini. Wifi akamjibu bila wasiwasi kuwa ni magadi, na kwa kuwa tangu wamkataze chumvi chakula kimepooza, ameyaongeza kidogo. Chumvi alikatazwa na daktari, magadi hajakatazwa na mtu.

Kindness akaweka chini bakuli tulilokuwa tumempa angojee chakula.

"Mama," akasema, "magadi na chumvi ni ukoo mmoja. Umemfukuza mmoja mlangoni, ukamfungulia ndugu yake dirisha."

Jamani. Bibi zetu wote, mama zetu wote, kiburu bila magadi wangekiona ni uchawi. Na yale mawe nilikuwa nayanunua mwenyewe sokoni! Kikulacho ki nguoni mwako. Wifi akauliza kama ng'ombe wake nao wana presha, kwa sababu wanalamba hayo hayo. Hakuna aliyecheka. Akasimama, akatoka kwa kupapasa na kopo lake, akalimwaga lote kwenye shina la mgomba. Siku hiyo tulikula kiburu cha ndimu, na sitaki kukizungumzia.

Tukaendelea kubana. Presha ikaanza kushuka, taratibu, kwa kinyongo. Kindness anasema ni dawa na chakula na mazoezi, vyote kwa pamoja, hakuna wa kujisifu peke yake. Wifi anasema ni rozari. Mimi najua tu kwamba tuliporudi mjini daktari alipima, akatikisa kichwa kukubali, na wakampeleka ndani kwa jicho la kulia.

Kesho yake Mary alifika kutoka Holili na mtoto kavalishwa kofia ya sufu. Nesi wa wodi akabandua bandeji taratibu. Wifi akapepesa, akakunja uso, akapepesa tena. Mary akamsogeza mtoto mbele kabisa. Salvina hakumwangalia mtoto. Alikuwa ananitazama mimi niliyesimama nyuma, kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Wewe ni Beatrice?"

Nikamwambia nani mwingine angemvumilia. Akaninyooshea mkono nisogee. Akanigusa mvi, akagusa mikunjo ya mdomo, mahali ambapo meno hayapo. Uso wake ulikuwa umeshtuka kabisa.

"Wifi, nani amekuzeesha hivi?"

"Wewe," nikasema.

Nilitaka kutania, ndivyo tunavyoishi. Lakini machozi yakanitoka mbele ya nesi na mtoto na watu wote wa wodi ile. Mary akasema, mama, mwone basi mjukuu wako.

"Subiri kwanza na mtoto," akamjibu. "Bado namtazama shangazi yako."