Bibi hakunywa: mdahalo wa gesi ya baharini ulivyonizima Kasulu

Mwakeye wakuu. Hii ni ya kweli tupu, anayebisha aje Heru Juu nimwoneshe mashimo.

Niko form three huku Kasulu. Shuleni naitwa Redio kwa sababu sizimi. Hata mwalimu wa zamu hucheka kwanza ndipo anichape.

Sasa, nyumbani tuna bonde. Kiangazi, huku juu kukikauka, kule chini unyevu unabaki na bibi analima maharage. Ndiyo yanayotufikisha masika.

Kwetu bonde halitolewi kiholela. Ndugu wote wanakaa, chungu kimoja cha pombe ya ndizi, mrija unazunguka. Asiyekunywa hajakubali, na jambo linasimama hapo hapo.

(Watoto tunalamba povu tu, msituripoti.)

Baba mkubwa, ndiye mkuu wa ukoo tangu babu afariki, akaona huko ni kupoteza muda. Akalikodisha bonde kwa mtu wa matofali kutoka Kibondo. Peke yake!

Sisi tulijua tulipokuta vijana wanachimba katikati ya maharage yenye maua.

Bibi akamuuliza baba mkubwa, "Mbona mimi sijanywa?"

"Mama, mkubwa hapa ni mimi. Tungekaa kunywa, mteja angeshafika Kakonko."

Bibi hakugombana. Aliinama akaanza kung'oa maharage yake machanga, awahi kabla chepe halijamfikia.

Wiki iliyofuata, mdahalo shuleni. Hoja: serikali isigawe vitalu vya mafuta na gesi baharini bila idhini ya Bunge.

Wakuu, mimi bahari naijua kwenye kalenda ya dukani!

Nikapangwa kupinga, yaani nitetee waziri aamue mwenyewe. Nikapika vichekesho vyangu, eti kusubiri Bunge ni kusubiri samaki wapige kura.

Akatangulia Zawadi wa upande wa pili. Huyu huwa namtania kwamba anaongea kama anaombea chakula. Akasema taratibu:

"Waziri anaweza kuwa mtu mzuri kabisa. Lakini kisima kikishachimbwa, kimechimbwa. Wenye mali waulizwe kabla, wasipewe taarifa baadaye."

Zamu yangu. Ukumbi unacheka hata sijafungua mdomo.

"Mwenyekiti, bibi yangu hakunywa."

Wakagonga madawati kwa kicheko.

"Bibi yangu hakunywa, na bonde limechimbwa."

Sauti ikakata. Nimesimama tu, macho yamejaa. Jamaa mmoja nyuma akapiga kelele, "Redio imeisha betri!"

Kichekesho kizuri kweli. Siku nyingine ningekisema mimi.

Upande wetu ulishindwa, na mimi sikupiga kura.

Nilichojifunza ni hiki. Baba mkubwa si mwizi. Anasema alitaka kumwezekea bibi bati, na namwamini. Ila kile chungu hakikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya. Kiliwekwa ili mkubwa, hata akiwa na roho nzuri, asiamue peke yake kitu kisichorudi.

Mvua zimeanza, mashimo yamejaa maji. Asubuhi bibi bado anabeba jembe anashuka bondeni. Anasimama ukingoni. Anarudi jembe likiwa safi.

Haya, nyie wa Mtwara na Lindi mnaoiona hiyo bahari kwa macho, hebu niambieni: huko kwenu, kabla hawajachimba, mlikunywa?