Mashine Niliyoifundisha Kuosha Mawe

Nimefukuzwa mara tatu maishani, kwa hiyo dalili zake nazijua. Kwanza ilikuwa nyumba ya kampuni, baba alipopoteza kazi bei ya shaba ilipoporomoka. Kisha Angola, nilikotimuliwa kwa miguu hadi Dilolo mpakani nikiwa na sufuria na kiatu kimoja. Ya tatu ni hapa hapa Kolwezi: kilima tulichokuwa tukichimba kilipata mwenyewe, na sisi tuliokuwa tukiosha mawe ya kobalti mtoni tukapewa hadi saa sita mchana tuwe tumeondoka.

Ndiyo maana sanduku la mbao lilipoingizwa maabara nilikofanya kazi, nilianza kutafuta mfuko wangu wa nguo.

Maabara yetu, chumba na nusu katika uwanja wa hospitali, ilisoma DNA ya vimelea vya malaria kutoka kwenye damu ya wagonjwa. Niliingia kama muosha vyombo. Mama aliyekuwa mkubwa wetu akanifundisha kutayarisha sampuli. Unatia vipunje vya chuma kwenye damu iliyoyeyushwa kwa dawa, DNA inashikamana navyo, sumaku inavivuta pembeni, unamwaga uchafu na kuosha tena. Vichupa tisini na sita, tone kwa tone, mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Sandukuni mlikuwa na mashine ya kufanya hayo yote peke yake. Ilikuwa na mkono mmoja na haikuhitaji kula.

Fundi aliyeileta alimwonyesha mama namna ya kuiandikia hatua, akarudi Lubumbashi.

“Tata, ni wewe unafanyaka hii kazi kila siku,” mama akaniambia, akiniita baba kwa heshima ya kwetu. “Sema, mi naandika.”

“Mama, nimufundishe mutu mwenye atakamata kazi yangu?”

“Si mutu. Sema.”

Nikafumba macho. Tia vipunje. Ngoja. Leta sumaku. Mwaga maji, chunga kile kimebaki. Osha. Mwaga maji, chunga kile kimebaki. Nilinogewa, nikaanza hata kuimba chini kwa chini wimbo wetu wa mtoni. Tulipokaribia mwisho simu ya mama ililia, akaandika huku akigombana na binti yake.

Mashine ilifanya kazi siku nzima bila kudondosha tone. Tulipopima, hapakuwa na DNA. Vichupa vyote tisini na sita, patupu.

“Hii mashine ni ya bure,” mama akasema. “Irudie kwabo.”

Akaketi kuandika barua ya kuirudisha. Sitaficha: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naangalia mwingine akifukuzwa. Nilikwenda kulipangusa sanduku vumbi bila kuambiwa.

Kisha mama akaniagiza niiendeshe mara moja tena, kwa maji matupu, ili barua ieleze kasoro yake. Nikavuta kiti. Yote yalikwenda sawa mpaka hatua ya mwisho, ambayo ni kinyume cha zote: unatia maji safi, DNA inaachia vipunje na kuhamia majini. Hapo maji ndiyo mali, vipunje ni takataka. Mikono yangu ilijua hivyo. Mdomo wangu ulikuwa bado mtoni, ambako maji huenda na jiwe hubaki, nao ulikuwa umesema “mwaga maji” hata hapo. Mashine ikayanyanyua yale maji, ikayamwaga kwenye beseni la uchafu kwa adabu kubwa, ikabaki imetunza vipunje vyake kama mtu anayengoja mnunuzi wa kobalti.

Barua ilikuwa imebaki kutiwa sahihi tu.

“Mama, mwenye makosa si mashine.”

“Ni nani?”

“Ni mi.”

Nilipomweleza, aliweka kalamu chini.

“Batoto bangu babili nimebazaa mwenyewe,” akasema, “na hakuna hata moja mwenye ananisikiaka vile hii mashine inakusikia.”

Akaichana barua. Damu ilikuwa imebaki kidogo kwenye friji. Tulirekebisha hatua, tukarudia, ikatoka DNA safi. Nami nikabaki kuilisha mashine sampuli na kuichunga, kazi isiyo na maumivu ya kidole.

Ndipo nikashindwa kukaa, mimi niliyezoea kuondoka kwa kufukuzwa tu. Baada ya misimu miwili ya mvua niliaga mwenyewe, nielekee mji wa Lubudi bila sababu ya maana. Getini mlinzi, sentineli wetu, aliuona mfuko wangu.

“Nani amekufukuza, tata?”

“Hakuna mutu.”

“Hakuna mutu?” Akafunga geti tena. “Basi fungua huo mufuko nione umeiba nini.”