Magunia Matatu Mbele ya Gari la Baba

Baba alikuwa amelala kwa dada yangu, mtaa wa Majimbo mjini Embu, kifua kikimlia kama bati lililolegea, na ambulensi alikuwa ameikataa kabisa.

"Nitaenda kufia kwangu Kianjai," aliniambia kwa simu, "na nitaenda na gari langu."

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la milango miwili, lenye pua ndefu hivi kwamba pua ikifika sokoni, wewe uliyekaa ndani bado uko nyumbani. Lilikuwa halina injini miaka mingi. Kuku walikuwa wametaga chini ya boneti vizazi ishirini.

Nilitafuta injini kama mwendawazimu. Zikapatikana mbili, zote za silinda nane: moja ya bloku kubwa, nzito na yenye nguvu zaidi, iliyotolewa kwa lori kuukuu, nyingine ya bloku ndogo. Madereva wanaosafirisha miraa wakanizunguka. Wao huniita mwalimu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikiwa na watoto watatu.

"Mwalimu, weka kubwa! Hiyo ndogo ni ya kusaga mahindi."

Baba naye kwa simu: "Kubwa. Nataka Kianjai wanisikie nikiwa bado Meru mjini."

Fundi wangu, mzee wa mtaa wa Majengo hapa Meru, hakutaka ubishi. Alipakia magunia matatu ya mahindi mahali pa injini.

"Kwa uzito, hii ndiyo ndogo," akasema.

Tukaliachilia gari kwenye mteremko wa uwanja wake. Nikakanyaga breki, likasimama langoni. Akaongeza gunia la nne.

"Na hii ndiyo kubwa."

Nilikanyaga mpaka kiti kikalia. Gari likapita lango, likavuka barabara, likaisukuma meza ya bucha, matumbo yakaruka hadi juu ya mabati. Mwenye bucha akatoka na kisu.

"Mzee, leo unachinja watu?"

Fundi aliniuliza tu, "Kutoka Embu mpaka hapa kuna miteremko mingapi?"

"Si tubadilishe breki?"

"Kuzitafuta na kuzifunga, wiki tatu. Baba yako ana wiki tatu?"

Jioni hiyo dada alipiga simu. Baba alikuwa ameacha hata uji.

"Weka ndogo," nikamwambia fundi.

Siku nne sikutoka kwenye ule uwanja. Siku ya tano nilifika Majimbo, nikaacha injini ikinguruma mlangoni. Baba alikuwa ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo vyote.

"Hiyo si kubwa."

"Si kubwa, Baba."

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye fizikia yote ya usiku. Ilipotea. "Breki hazingeishika," nikasema.

Dada akageukia ukuta. Kisha Baba akaninyooshea mikono miwili, nimbebe.

Mikono yangu ilikuwa imezoea magunia. Nilijikaza kama naenda kuinua gunia, nikakaribia kumrusha darini. Hakufika hata nusu ya gunia.

Nikamweka kwenye kiti. Akalaza kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Inakohoa kama mimi," akasema. "Twende, kabla mmoja wetu hajazima."