Vichwa vya Sato wa Hotelini

Sisi tuliokulia Musoma wakati hata meneja akiitwa ndugu, tulikuwa na hoteli moja ya kujivunia. Ilitazama ziwa, meza zake zilikuwa na vitambaa vyeupe, na sato alikaangwa mzima. Jumapili, upepo ukivuma vizuri, harufu ilifika mtaani kwetu Mwisenge kutuharibia ugali wetu wa mlenda. Mpishi alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, kwa hiyo shuleni nilitembea kama mtoto wa waziri.

Kisha hoteli ikawa mali ya umma, akaletwa meneja mwenye cheti. Amri yake ya kwanza: samaki wote wakatwe vichwa. Mgeni mstaarabu, alisema, hapendi kutazamwa na chakula chake. Kichwa kimoja tu kikionekana mezani, shangazi hana kazi. Nyumbani niliuliza ni mgeni gani huyo aliyelalamika. Mama akanijibu, "Wewe maswali yako yatakuchelewesha kuolewa."

Shangazi hakuweza kuvitupa. Kwetu ziwani kichwa ndiyo heshima yenyewe. Hupewa mgeni au mwenye nyumba, na anayepewa mkia anajijua. Akawa anavileta kwetu kwa ndoo. Baba, aliyezoea kichwa kimoja kwa wiki, sasa alitengewa saba kwa mlo. Akaanza kukohoa kabla ya kuongea. Sisi watoto tulinyonya macho na mashavu hadi tukakinai.

Siku moja wazee wa kijiji cha ujamaa huko Bugwema walialikwa hotelini kupongezwa kwa pamba yao. Sahani zikaja. Shangazi alitusimulia kwamba mzee mkubwa alimgeuza samaki wake upande wa pili, labda kichwa kimelaliwa.

"Ndugu meneja, uso wa huyu ameula nani?"

"Mzee, huu ndio utaratibu wa kisasa."

"Kwa hiyo mtu ametangulia kula, sisi tumeletewa makombo." Akamgeukia shangazi, aliyesimama mlango wa jikoni. "Mwanangu, vichwa mnapelekaga wapi?"

Meneja akamkazia macho. Shangazi alikuwa akilea watoto wanne peke yake.

"Viko kwa kaka yangu, Mwisenge," akasema.

Wazee tisa wakanyanyuka. Tuliwaona wakiingia uani kwetu wamejipanga kwa umri, wakauliza kwa upole kama wamefika. Baba akakohoa. Walikula hadi ndoo ikalia tupu, wakaondoka wakiisifu hoteli kwa mapishi.

Jumatatu shangazi akaachishwa kazi. Habari kwamba Musoma wageni hulishwa makombo ilifika Bunda kabla ya basi. Mwaka haukuisha, mlango ukafungwa.

Chuo kikuu nilimsikia mhadhiri akieleza kwa nini mashirika yetu hufa. Alitaja mtaji na vipuri. Nikauliza kuhusu vichwa, darasa zima likacheka. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ndio kabisa: wanataka samaki asiye na mwiba, na wanamla wakitazama saa.

Shangazi alikaanga samaki sokoni hadi watoto wake wakamaliza shule. Hoteli sasa ni ghala la mbolea. Akipita pale hupunguza mwendo. Juzi nilimuuliza kwa nini siku ile hakuwaambia tu wazee kwamba vichwa vimetupwa.

"Wangeamini, wangekula," alisema. "Halafu mimi ningewatazamaje?"

Siku hizi tunaletewa sahani, tunakula, na hatuulizi kilichopunguzwa.